Pilipili Msiyoila Inawawashia Nini?



Wiki chache zilizopita, kwenye kicheni pati hapa Kenmore, dada mmoja alipekua mkoba wangu akitafuta chaja, akatoa riwaya. Jaladani wanaume wawili wameshikana mikono. Akaondoka nayo kama ushahidi. Kufika Jumatatu nimeshapigiwa simu kutoka Columbus na Louisville: "Mdogo wangu, tumesikia umeharibika."

Naam, nazisoma. Nina digrii ya uuguzi na miaka thelathini na kitu. Nikitoka zamu ya usiku, theluji ya Buffalo imefika magotini, nataka chai ya tangawizi na watu wawili wanaopendana mpaka ukurasa wa mwisho. Za kale na za leo, zote zangu. The Song of Achilles ya Madeline Miller (2011) iliniliza. Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston (2019), mtoto wa rais wa Marekani na mwanamfalme wa Uingereza, ilinichekesha peke yangu kwenye basi.

Mnasema zinafundisha tabia. Bwenini tulisoma James Hadley Chase kwa tochi chini ya shuka. Nani kati yetu alikwenda kuvunja benki?

Mnasema maadili. Haya. Mwaka 1971 vilitoka vitabu viwili. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa hoja hiyo hiyo, na baadaye kikaingizwa darasani. Kingine ni Maurice. E. M. Forster alikiandika mwaka 1913 na 1914, akawaonyesha marafiki tu, kikatoka baada ya yeye kufariki mwaka 1970. Kosa lake? Aliwapa wanaume wake wawili mwisho wa furaha, wakati sheria ya Uingereza iliwahesabu wahalifu hadi 1967. Angekuwa Mtanzania angekificha hata leo: kwetu kifungo ni miaka 30 hadi maisha. Na Februari 2023 Wizara ya Elimu ikaondoa shuleni vitabu 16, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Vituko vya mtoto wa shule, jamani!

Umbea nimeuzoea. Kinachoniuma ni kingine. Niliwahi kumuuguza mzee mmoja (si wa kwetu, tulieni). Kila usiku mwenzake alikaa kando ya kitanda akimlowanisha midomo kwa pamba. Tangu 2011 hospitali zinazopokea fedha za Medicare lazima zimwachie mgonjwa achague wa kumtembelea, hivyo hakuna aliyemfukuza. Lakini ndugu walipofika alisimama mwenyewe, akawaachia kiti, akajitambulisha kuwa ni jirani. Mzee alifariki jirani akiwa koridoni. Mimi ndiye niliyetoka kumwambia.

Basi niacheni nisome zile ambazo jirani anabaki kwenye kiti.

Na wewe dada yangu, kitabu ni cha maktaba, tarehe imepita. Nasikia umefika sura ya kumi na mbili. Ukimaliza nirudishie, cha pili kinakusubiri.

Nawasilisha.