Ukimtesa panya, unamhatarisha mtoto

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mkazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki au mji wowote ulio chini ya Mlima Kenya, huhitaji kuelezwa jinsi baridi ya Julai inavyokuwa. Ukungu hukaa juu ya mabati hadi karibu adhuhuri, na kila kiumbe hutafuta mahali penye joto. Panya naye si mjinga. Shambani maharagwe yamekwisha kung'olewa na nyasi zimelowa, ilhali nyumbani kwako kuna jiko, gunia la mahindi na sufuria ya githeri iliyofunikwa kwa sahani. Usiku unasikia kwaru-kwaru nyuma ya mbao. Asubuhi unakuta mkate umetobolewa. Unakasirika, na kwa hakika una haki ya kukasirika.

Mimi kama daktari naiogopa bidhaa utakayokwenda kununua ukiwa na hasira hiyo.

Ukipita karibu na stendi ya matatu au ukienda sokoni, utamsikia mchuuzi na kipaza sauti chake kikirudiarudia maneno yale yale: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Kwa bei ya kikombe cha chai unapewa kijipakiti. Baadhi ya pakiti hizo zina maandishi, lakini nyingine huwa ni unga tu uliofungwa kwenye karatasi, bila jina la sumu, bila jina la mtengenezaji, na bila neno hata moja la kumsaidia daktari iwapo mambo yataharibika.

Julai moja, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliingia kliniki yangu mbio akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa akitokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, na alikuwa akihema kwa shida. Nilipouliza amekula nini, mama alijibu huku akilia, "Daktari, nilikuwa nataka tu kumaliza panya." Alikuwa amepaka unga ule kwenye matonge madogo ya ugali na kuyasukuma chini ya kitanda. Panya hutembea chini ya kitanda, lakini hata mtoto wa miaka miwili hutambaa huko. "Mama, karatasi yake iko wapi?" nikamuuliza. Karatasi ilikuwa imetupwa motoni, na hata kama ingalikuwapo haikuwa na maandishi.

Mtoto huyo alipona, kwa sababu dalili zake zilijieleza na dawa ya kuzipinga ilikuwa karibu. Si wote wanaobahatika. Siku ya pili mama aliniambia kwamba panya naye alipatikana nyuma ya gunia, angali akitapatapa, hajafa. Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja ambao nataka kukuletea leo: njia inayomtesa panya ndiyo, aghalabu, inayomhatarisha mtoto wako. Huruma kwa mnyama na usalama wa nyumba si mambo mawili yanayogombana. Ni jambo moja.

Najua kuna msomaji atakayecheka na kusema kwamba daktari huyu amekosa kazi, sasa anamlilia panya. Lakini sisi madaktari tuna deni kwa panya. Dawa nyingi ninazoandika kila siku zilijaribiwa kwanza katika mwili wa panya kabla ya kufika kwako. Kule Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wa panya hao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Mnyama wa aina hiyo ana akili, huhofu, na huhisi maumivu.

Sisemi tuishi naye. Panya ndani ya nyumba ni hatari kwa afya, na daktari asemaye vinginevyo anakudanganya. Mkojo wake hueneza ugonjwa wa leptospirosisi, unaoweza kuharibu figo na ini. Kinyesi chake huchafua chakula kwa viini vya salmonela, na meno yake hutafuna nyaya za umeme. Mwaka 1902, tauni ilipozuka Nairobi mji ule ukiwa bado mchanga, soko la Wahindi lilichomwa moto. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya wakifa kwa wingi, viroboto hao huhama na kutafuta damu nyingine, hata ya binadamu. Kwa hivyo, hata katika ugonjwa huo wa kutisha, kuua panya ovyo bila kufikiri kunaweza kuongeza balaa.

Basi tuzitazame njia tunazotumia.

Kwanza, sumu. Ziko za aina nyingi. Zile kali za kilimo, kama iliyomwingia mtoto niliyemtaja, hushambulia mishipa ya fahamu. Kuna fosfidi ya zinki, ambayo ikifika tumboni hutoa gesi yenye sumu. Na kuna zile zinazozuia damu kuganda. Panya aliyezila huchukua siku kadhaa akivuja damu ndani ya mwili kabla ya kufa. Sumu hiyo ya tatu humhadaa mzazi, kwa maana mtoto aliyeila anaweza kuonekana mzima kwa siku mbili au tatu, kisha aanze kutokwa na damu puani au kwenye ufizi. Panya mwenye sumu naye hafi mahali unapotaka. Hufia ndani ya ukuta na kunuka, au hutoka nje akiyumbayumba na kuliwa na paka wako, naye paka akafa. Hapo umemuua askari wako mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo ni zito kulisema, lakini lazima lisemwe. Sumu iliyo ndani ya nyumba hungojea pia siku ya huzuni. Madaktari wa miji hii huwapokea vijana na watu wazima waliokunywa sumu katika saa moja ya kukata tamaa, saa ambayo ingalipita kama hapangekuwa na kitu karibu. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za kilimo katika miaka ya 1990, idadi ya watu waliojiua nchini humo ilipungua kwa karibu nusu katika mwongo uliofuata. Nyumba isiyo na sumu humpa mtu nafasi ya kufikia asubuhi. Na ukimwona mwenzako amelemewa na mawazo, usimwache peke yake; mpeleke kwa daktari kama ambavyo ungempeleka mwenye homa.

Pili, gundi. Siku hizi vibao vya gundi vinauzwa kila mahali, na watu huvidhani ni vya kiungwana kwa kuwa havina sumu. Ukweli ni kwamba panya hunaswa akiwa hai, akang'ang'ana usiku kucha, akajichuna ngozi, na kwa hofu akamwaga mkojo na kinyesi papo hapo. Ni ukatili na ni uchafu wenye viini vya magonjwa. Uingereza, katika eneo la England, wananchi wa kawaida walikatazwa kutumia gundi hiyo kuanzia Julai 31, 2024. Nasi hatuna haja ya kungoja sheria ndipo tuone aibu.

Tatu, mtego wa kisanduku unaomnasa akiwa mzima. Nia yake ni njema, lakini tuseme ukweli. Ukimwachilia karibu atarudi. Ukimwachilia kwa jirani, umemhamishia jirani shida yako. Panya wa nyumbani akitupwa msituni kwenye baridi, hana maisha marefu huko. Ukiutumia mtego huo, utazame asubuhi na jioni, la sivyo mnyama atakufa humo kwa njaa na kiu.

Nne, mtego wa springi, ule wa kizamani unaouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Ukiwa imara, huua mara moja. Kwa maoni yangu, panapolazimika kuua, huo ndio wenye utu zaidi, na hauachi sumu nyumbani. Uweke ukutani anakopita, upande wa chambo ukielekea ukuta, mahali ambapo vidole vya mtoto havifiki. Siagi kidogo ya njugu karanga yatosha. Tega kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa panya mdogo haendi mbali na tundu lake. Akinaswa vibaya naye angali hai, mmalize mara moja kwa pigo moja zito. Usimchome moto, usimtie majini, wala usiwape watoto wamchezee. Mtoto anayefunzwa kucheka mnyama anapoteseka amefunzwa jambo ambalo utalijutia.

Lakini mtego wenyewe si dawa. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, huzaa watoto watano, sita au zaidi, nao wakitimiza miezi miwili wameanza kuzaa. Ukiua watatu leo na kuacha shimo na chakula, mwezi ujao utaua wengine. Tiba ya kweli, iliyo na huruma kuliko zote, ni kumnyima njia na kumnyima chakula, ili asiingie kabisa.

Chukua penseli uzunguke nyumba yako. Popote penseli inapopita, panya mdogo anapita. Nyumba zetu za mbao zina nyufa nyingi chini ya mlango, pembeni mwa mabomba na pale mabati yanapokutana na ukuta. Jaza tundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha uzibe kwa saruji. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati. Mahindi na maharagwe yatoe kwenye gunia uyatie katika pipa la bati lenye kifuniko. Githeri iliyobaki iwekwe ndani ya chombo kinachofungika. Usilale na vyombo vichafu, na takataka za jikoni zisilale ndani. Wazee wetu walilijua jambo hili. Ghala la Kikuyu, ikumbi, lilisimama juu ya miguu, na kuinuliwa huko kulikuwa na maana yake. Leo unaweza kuufunika kila mguu wa ghala kwa bati lililokunjwa kama koni, na panya atateleza.

Unapoondoa kinyesi chake, usifagie kikiwa kikavu, kwa maana vumbi lake utalivuta puani. Fungua madirisha kwa nusu saa, vaa glavu, loanisha pale mahali kwa kikombe kimoja cha jiki katika vikombe tisa vya maji, ngoja dakika tano, kisha upanguse na kuosha mikono kwa sabuni.

Mwache paka afanye kazi yake, na bundi vilevile. Katika mabonde yenye majabali kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua anaishi bundi mkubwa aliyepewa jina la Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha mlima mwaka 1899. Bundi huyo hula panya na fuko. Sisi humrushia mawe kwa imani kwamba analeta kifo, kumbe sumu yetu ndiyo inayoleta kifo, kwake na kwetu.

Kwa wanaoishi katika ploti, mpangaji mmoja hawezi kushinda peke yake. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini majirani wengi wanaweza kuliziba. Mwenye nyumba anayechukua kodi kila mwezi azibe nyufa na kuleta pipa la taka lenye kifuniko. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inataka maghala ya vyakula yajengwe kwa namna ya kuzuia panya. Na tangu mwaka 1982 tuna sheria ya kudhibiti dawa za kuua wadudu na panya. Maafisa wanaohusika wanasikia kipaza sauti cha mchuuzi kama tunavyokisikia sisi. Unga usio na jina haufai kuuzwa kando ya mboga.

Na iwapo ajali imetokea tayari, shika haya. Mtoto akila sumu ya panya, au hata ukishuku tu, usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa, mafuta wala mayai mabichi. Imani hiyo imewacheleweshea wengi matibabu, na kwa sumu nyingine mafuta huzidisha madhara. Mfute mdomo, mvue nguo zenye unga, chukua pakiti au mabaki ya sumu, na uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka na kucheza.

Usiku wa leo, mpenzi msomaji, utakaposikia kwaru-kwaru nyuma ya mbao, usiende kwa mchuuzi. Inuka utafute shimo.