Karatasi za Kamiti na Hekaya ya Msanii Asiyehitaji Kitu

Ipo hekaya moja iliyozoeleka katika madarasa yetu ya fasihi, na tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025 imerudi vinywani kwa nguvu mpya. Hekaya yenyewe ni kwamba msanii wa kweli hahitaji chumba, wala meza, wala utaratibu wowote wa kumwingiza kazini; mfungie seli, mnyime daftari, naye atakuandikia riwaya juu ya karatasi za msalani. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hawezi kuanza kutunga, kwa kuwa chumba alichopanga Ruiru kina wenzake watatu na redio ya jirani, hujibiwa kwa neno moja tu: Kamiti. Na kwa kuwa kuta za gereza hilo haziko mbali na Ruiru kwenyewe, jibu hilo humwangukia kama jiwe. Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba hekaya hiyo ni uhakiki mbovu, na kwamba imezaliwa na uvivu wa kutozisoma kazi zinazotajwa kuwa ushahidi wake.

Mambo yasiyo na ubishi ni haya. Ngũgĩ alikamatwa mwishoni mwa Desemba 1977, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Katika seli namba 16 ya Kamiti aliandika kwa Kigĩkũyũ, juu ya karatasi za msalani, riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ, iliyochapishwa mwaka 1980 na kufika mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Hapo ndipo msimulizi wa hekaya yetu hukomea. Laiti angalifungua kurasa za mwanzo za riwaya yenyewe! Msimulizi wa riwaya ni mpiga gĩcaandĩ, yule fanani wa kibuyu na mafumbo. Mama yake Warĩĩnga anamjia alfajiri akilia, anamsihi asimulie kisa cha mwanawe. Je, fanani huyo anaanza papo hapo, kama inavyotarajiwa kwa msanii asiyehitaji kitu? La hasha. Anasita. Anakaa siku saba bila kula wala kunywa, moyo ukimsumbua, hadi ardhi inapotetemeka na sauti inapomjia. Ndipo anapofunua kinywa.

Tuzingatie uzito wa jambo hili. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, akiandika kwa kujificha, alitumia sehemu ya karatasi zake chache kueleza namna msimulizi anavyojiandaa kusimulia. Kama matayarisho yangekuwa anasa, angeyaacha, nafasi haikuwepo. Wahakiki wengi huziruka kurasa hizo wakiwahi karamu ya wezi katika pango la Ilmorog, kwa kuwa huko ndiko waliko mabepari, na mabepari ni rahisi kuhakiki. Siku saba za mpiga gĩcaandĩ huitwa "kiingizi", neno ambalo katika matumizi ya wahakiki hao halina maana nyingine isipokuwa ruhusa ya kutosoma.

Tena, kumbukumbu zake za kizuizini, Detained, zilizotoka mwaka 1981, hazielezi msanii asiye na utaratibu. Zinaeleza utaratibu uliobuniwa kwa hila. Kalamu ilipatikana kwa kisingizio cha kuandika maungamo. Maneno ya Kigĩkũyũ, lugha aliyoizungumza tangu utotoni bila ya kuiandikia riwaya, yalichunguzwa katika mazungumzo na wafungwa wenzake, na hata na askari jela. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa karakana yake. Kuyafuta katika maelezo, kisha kubakiza karatasi peke yake, ni sawa na kumsifu seremala kwa mbao ukasahau patasi.

Shahidi wa pili wa hekaya ni Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? na ambaye Kamiti ilikuwa sehemu ya kifungo chake. Naye aliandika juu ya karatasi hizo hizo. Sauti ya Dhiki ikatoka mwaka 1973. Hapa ndipo hekaya inapojikwaa vibaya zaidi, maana mshairi huyu hakuingia gerezani mikono mitupu. Alitoka katika jamii ya washairi wa Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo ni nduguye. Alibeba kichwani bahari za ushairi, vina na mizani za Kimvita. Kwa mtunzi wa aina hiyo, kuanza ni kutafuta kina, kukigeuza ulimini, kuhesabu mizani kabla ya neno moja kuandikwa. Huo ni utaratibu wa kuingia kazini uliokamilika, na askari jela hana namna ya kuupekua. Wanaosema aliandika bila nyenzo wanaithamini karatasi kuliko mapokeo. Huku wao wenyewe, ajabu iliyoje, hujiita watetezi wa mapokeo.

Na mapokeo hayo yanasemaje? Ushairi wetu haukuficha matayarisho chumbani mwa mtunzi. Uliyaweka ndani ya matini. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mnamo 1858, hamwusii binti yake mara moja. Kwanza anamwita asogee, anataja maradhi yaliyomshika kwa mwaka mzima, anamtaka akae karibu na wino na karatasi. Ndipo wasia unapoanza. Mama huyu alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo; kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kwenda moja kwa moja kwenye maudhui, ni yeye. Hakwenda. Wapo wanaosema kwamba wino na karatasi ni kaida tu ya tenzi. Hatukatai kuwa ni kaida. Tunauliza kwa nini kaida hiyo ilidumu, na jibu letu ni kwamba ilifanya kazi: iliwaweka mtunzi, mwandishi na msikilizaji mahali pamoja kabla ya neno zito kutamkwa. Paukwa na pakawa hufanya hivyo. Bashraf ya taarabu ya Unguja, inayopigwa kabla mwimbaji hajasimama, hufanya hivyo kwa ala tupu. Wanamapokeo na wanausasa waligombana miaka ya 1970 juu ya vina na mizani hadi sauti zikawakauka, lakini hakuna upande ulioshughulika ipasavyo na suala la namna shairi linavyoanza kutungwa.

Tutaambiwa kwamba tunaleta mlangoni mwetu anasa za wasanii wa Ulaya, na vile vitabu vya mafunzo vinavyomshauri mwandishi awashe mshumaa, anywe kahawa, kisha apange kalamu zake. Vitabu hivyo hatuna haja navyo. (Kumshauri mtu wa Ruiru aanze kazi kwa kahawa ni mzaha wa aina yake, huko kahawa ilikuwa kazi yenyewe, shambani mwa mwingine, kabla ya kuwa kinywaji.) Kosa lake ni kumwona msanii kama mtu mmoja mbele ya dirisha. Mifano yote tuliyoitaja ina watu wawili au zaidi: mama na mpiga gĩcaandĩ, mfungwa na askari jela, Mwana Kupona na binti yake.

Hatuna budi kuuliza pia hekaya hii inamfaa nani. Inamfaa aliyefunga watu, kwa maana inageuza gereza kuwa ufadhili wa sanaa. Inazifaa pia idara zinazofundisha utunzi bila kutenga chumba kimoja cha watunzi. Kwa sensa ya 2019 Ruiru ilikuwa na wakazi karibu 490,000, na wengi wa wanafunzi wanaosoma kandokando ya barabara ya Thika hulala katika majumba ya kupanga ambamo ukimya haupatikani. Tunawadai diwani nzima mwishoni mwa muhula, tunazisahihisha kwa vigezo vya fani na maudhui, kisha tunashangaa kwamba ubeti wa kwanza umekufa.

Tunapendekeza mambo mawili, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kila idara itenge chumba kinachofunguliwa kwa saa ile ile kila siku, na kazi humo ianze kwa kughani tungo za wengine kwa sauti, nusu saa, kabla ya yeyote kushika kalamu. Na karatasi ijayo ya mtihani wa ushairi iwe na swali la lazima juu ya beti za mwanzo za Mwana Kupona: kwa nini binti aliitwa asogee kwanza, na ni kipi katika wasia kingeharibika kama angaliachwa alipokuwa.