Python Haijui ya Kutolea

“Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani.” Sidhani kama kuna mwenye laini ya simu Tanzania ambaye hajawahi kuupata ujumbe huo. Tunaucheka, tunaufuta, tunaendelea na shughuli. Mimi siku hizi nausoma kwa heshima kidogo. Aliyeuandika hanijui, wala hajui kama nina hata senti. Anachokijua ni kwamba asubuhi yoyote ya siku ya kazi wapo watu wengi ambao kweli wameahidi kumtumia mtu hela na wanasubiri namba: kodi ya chumba, ada ya mtoto, mchango wa msiba. Akisambaza jumbe za kutosha, mmoja utatua kwa mtu wa namna hiyo, dakika hiyohiyo aliyoshika simu. Ni mwizi, na mahali pake ni mahabusu. Lakini tabia ya hela ya nchi hii ameisoma kuliko wengi ninaowaona wakijiita wachambuzi wa teknolojia ya fedha, na sina hakika kama amewahi kuisikia Python.

Nasema hivi kwa sababu mjini imeota imani, nayo imeshaanza kuwagharimu watu, kwamba mlango wa kazi hii ya uchambuzi ni kuandika programu. Kijana kamaliza shahada ya uhasibu au uchumi, anaambiwa alichosoma kimepitwa na wakati, akachukue kozi. Miezi sita ya Python, mitatu ya akili mnemba, na cheti chenye nembo ya chuo cha ng’ambo. Mzazi anatoa hela, mara nyingine ya mkopo. Kijana anakuja kwenye usaili na kompyuta mpakato mpya, anafungua grafu za kupendeza za bei ya Bitcoin, au za wakopaji wa Marekani aliowapakua kwenye mtandao kwa ajili ya mazoezi.

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo mara kadhaa. Huwa nina swali moja, na halihitaji kompyuta. Natoa karatasi yenye miamala ya kutuma fedha, nauliza: kwa nini huyu katuma elfu hamsini na kitu juu, na yule elfu ishirini na kitu, badala ya hamsini kamili na ishirini kamili? Wengi hunijibu kwamba hivyo ni vichafuzi vya data, vitaondolewa wakati wa kusafisha.

Vichafuzi! Hiyo ni ya kutolea, mwanangu. Kila aliyewahi kumwambia mama yake “nimekutumia na ya kutolea” anajua. Humo ndani ya nyongeza hiyo kuna habari nzima: nani anabeba makato kati ya mtoto wa mjini na mzazi wa kijijini, nani ana uwezo wa kuyabeba, na nani mwezi huu ameshindwa akatuma kavu. Kampuni ikipandisha gharama ya kutoa, kiasi hicho kitakuwa miongoni mwa vya kwanza kubadilika. Na wewe umekisafisha.

Watu husahau hata huduma yenyewe ya kutuma hela kwa simu ilizaliwaje. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walikuwa wakiijaribu M-Pesa Nairobi na Thika, na wateja wao wa majaribio hawakufika 500. Ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa: wakopaji wa taasisi ya Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Mfumo ulifanya kazi, ila watu waliufanyia mambo yasiyotarajiwa. Walitumiana hela wao kwa wao. Walilipana katika biashara. Wengine waliweka hela kabla ya safari wakaitoa wakifika, wasiibiwe njiani. Waliokuwa wakiendesha jaribio hilo, akina Susie Lonie na Nick Hughes, walilitazama hilo na kulichukua kwa uzito, na ilipofika Machi 2007 huduma ikaingizwa sokoni Kenya kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mikopo midogo ikawekwa kando. Programu walikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichoamua itauzwaje ni watu kukaa na wateja na kukubali kwamba wanaitumia kwa namna yao.

Tabia hiyo ya wateja haijaisha. Ingia kwenye rekodi za kampuni yoyote ya simu utakuta “kuweka fedha”. Mchambuzi wa darasani anaandika: wananchi wanaweka akiba. Nenda kibandani ukasikilize. Mteja anamwambia wakala, “Dada, niwekee moja kwa moja kwenye namba hii,” anataja namba ya mdogo wake aliyeko Kahama, maana akiweka kwake kwanza ndipo atume, atakatwa ya kutuma. Alichofanya ni kutuma. Mfumo umeandika kuweka. Hakuna kozi ya programu itakayokuambia kwamba jina la safu limekudanganya.

Mwaka 2021 tulipata somo lingine, la nchi nzima. Tarehe 15 Julai tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilianza, na kwa muamala mkubwa ilifika hadi shilingi 10,000 juu ya makato ya kawaida. Haikupita miezi miwili serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Hesabu ya mapato kwenye karatasi ilikuwa nyepesi: miamala ni mingi, kata kidogo kwa kila mmoja, jumlisha. Hesabu hiyo ilidhani watu watakaa palepale wakikatwa. Mama lishe yeyote angekuambia hawatakaa.

Najua nitakavyojibiwa. Miamala ni mamilioni, huwezi kuisoma kwa macho. Bila kuandika maagizo ya kuichota na kuipanga utafanya nini? Kweli kabisa. SQL ijifunzeni, haikwepeki, na mtu mwenye kichwa kilichotulia anaifahamu ya kutosha ndani ya miezi michache. Excel ijueni vizuri kuliko mnavyodhani mnaijua. Python pia, kama kazi inaidai. Sina ugomvi na jembe. Ugomvi wangu ni na anayenunua majembe matano na hajawahi kuuliza shamba liko wapi. Mhasibu anayejua kulinganisha vitabu anaelewa kwa nini hela iliyomo kwenye simu za wateja lazima ilingane na ile iliyowekwa benki kwenye akaunti ya amana, na siku zisipolingana hatalala. Huyo ukimpa SQL, umepata mchambuzi. Lakini mwandishi wa programu asiyejua upande wa kulia na wa kushoto wa leja ni hatari yenye kasi.

Hatari hiyo tumeshaiona kwenye mikopo ya simu. Programu ya mkopo inakuambia riba ni asilimia 20 tu. Umeomba 50,000, wanakata 10,000 kabla, unapokea 40,000, na baada ya siku 14 unarudisha 50,000. Hesabu ya shule ya msingi: umelipa 10,000 kwa 40,000, yaani asilimia 25, kwa wiki mbili. Mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo. Zidisha: asilimia 650. Mtaani jina la mikopo ya aina hiyo lilikuwepo zamani, kausha damu, na aliyelitunga hakuhitaji grafu.

Sasa nyuma ya programu hizo wamo vijana hodari wa kompyuta, wamejenga mifumo ya kubashiri nani atalipa, na takwimu zao zinang’aa: wateja karibu wote wanarejesha. Mwanachama yeyote wa kikoba angeuliza swali lisilomo kwenye mfumo: amerejesha kwa hela ya wapi? Maana mtu anakopa huku kulipa kule, na kule kukopa kulipa huku, na kila mkopeshaji kwa upande wake anamwona ni mteja mwaminifu. Akikwama, majina ya watu waliomo kwenye simu yake yanageuzwa dhamana, shemeji na bosi wanatumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni. Kila moja, bila shaka, ilikuwa imeandikwa na mtu anayejua kuandika programu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia aende akakae kibandani kwa wakala mwezi mmoja, na daftari. Wengine hunikasirikia, hawakusoma miaka yote hiyo wakauze vocha.

Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimeshazeeka kazini. Nilimwomba wakala mmoja wa Mbagala, zaidi ya vitabu vyake vya kawaida, aandike nyuma ya daftari kila mteja anayeondoka bila kuhudumiwa. Jumatatu alikuwa na mistari mitatu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mishahara iliingia, foleni ikafika barabarani, na ilipofika saa tisa alasiri floti ilikuwa imefura kwenye simu ila droo haina noti hata moja. Kuanzia hapo ni “rudi baadaye”, “jaribu kule kona”, “samahani baba, taslimu imekwisha”. Ukurasa ulijaa akageuza wa pili. Jumatatu niliporudi ofisini nilifungua mfumo nione siku ile ilivyoandikwa. Hapakuwa na muamala hata mmoja ulioshindikana. Kibanda kile kilikuwa na alama ya kijani: mauzo bora kuliko siku zote za mwezi.