Mwenye Nyumba Naye Apige Hodi

Miongoni mwa manung'uniko ya wanachama wetu liko moja ambalo husemwa barazani jioni kwa sauti ya chini, lakini ni shida kuletwa mkutanoni, kwa kuwa mwenye kulisema huona haya. Jambo lenyewe ni desturi ya baadhi ya wenye nyumba kuingia katika vyumba vya wapangaji wao bila ya ruhusa, na mara nyingi hali mpangaji yuko kazini. Twaona imetupasa kulisema waziwazi katika karatasi hii, maana makarani walio wengi ni wapangaji. Mtumishi wa Serikali huhamishwa kutoka kituo hata kituo, na kila afikapo pageni, kazi yake ya kwanza ni kutafuta chumba katika nyumba ya mtu mwingine.

Kila mwanachama azijua nyumba zetu za mijini zilivyojengwa. Katika Dar es Salaam, kwa mfano, nyumba ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina ukumbi katikati, na vyumba vimeelekeana huku na huku. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na bafu vitumiwavyo na wote. Mara nyingi mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na kuvipangisha vilivyobaki. Ujirani wa namna hii una wema wake: mtu akiugua hapati taabu ya kutafuta wa kumpa maji, na mtoto wa mmoja hulelewa na wote. Walakini ujirani huo huo humfanya mwenye nyumba asahau kwamba, katika nyumba iliyo wazi kwa watu wote, mlango wa chumba ndio mpaka pekee aliobakiwa nao mpangaji. Yeye ana ufunguo wa pili, na ufunguo ulio mkononi hutia tamaa ya kufungua.

Sababu zitolewazo ni nyingi. Mmoja husema aliingia kutazama dari kama yavuja. Wa pili alitaka kumwonyesha dalali na mteja wake chumba, kwa kuwa mkataba wa aliyemo u karibu kwisha. Wa tatu alisikia kwamba mpangaji amelaza mgeni. Na wa nne, ambaye hasemi, ameingia kuangalia vyombo vilivyomo, apate kupima kama kodi yaweza kupandishwa. Baadhi ya sababu hizo ni za haki na nyingine si za haki. Lakini hata iliyo ya haki huharibika ikiwa mwenye chumba hakuambiwa.

Watu wengine watauliza, je, kuna hasara gani ikiwa hakikuchukuliwa kitu? Twajibu kwamba chumba cha mpangaji ndiyo nyumba yake yote. Humo kuna kitanda chake na mkewe, barua za wazee wake, hati ya mshahara, vyeti vya shule, na pengine dawa za maradhi ambayo hakumwambia mtu yeyote ila mganga wake. Mwenye nyumba aliyeiona chupa ya dawa hawezi tena kurudi katika hali ya kutoiona; na neno likishatoka chumbani hadi uani, kesho lipo kisimani. Tuwakumbuke pia dada zetu makarani wakaao peke yao. Mwanamke ajuaye kwamba mlango wake waweza kufunguliwa na mwanamume saa yoyote hana usingizi, hata ikiwa mlango huo haujafunguliwa bado. Tena mwenye nyumba mwenyewe hujitia hatarini. Siku fedha zitakapopotea, mtu wa kwanza kushukiwa ni yule mwenye ufunguo wa pili, naye hana wa kumshuhudia kuwa aliingia kutazama dari tu.

Hoja kubwa ya wenye nyumba ni moja: "Nyumba ni yangu." Hatubishi. Lakini kumiliki nyumba ni jambo moja, na kuwa na haki ya kukaa chumbani ni jambo jingine; na hiyo haki ya pili ndiyo aliyoiuza kwa muda alipopokea kodi. Mtu akikodisha shamba lake kwa msimu mmoja, ardhi hubaki yake, walakini haendi kuvuna mahindi ya aliyelilima. Na kwetu neno hili lina nguvu zaidi, kwa sababu katika miji yetu wapangaji wengi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla ya kuingia. Aliyelipa namna hiyo hadaiwi kitu. Bali mwenye nyumba ndiye mwenye deni, nalo ni deni la siku zisizokwisha bado, ambazo amekwisha pokea bei yake.

Sheria nayo yasema hivyo hivyo. Wako wadhanio kwamba, tangu ilipofutwa mwaka 2005 ile sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba katika Tanzania Bara, mpangaji hana kinga yoyote. Hilo si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu yake ya upangaji, yaingiza ndani ya mkataba ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji alipaye kodi na kutimiza masharti atakaa kwa amani pasipo kuingiliwa naye. Sheria hiyo haimnyimi mwenye nyumba nafasi ya kuikagua nyumba na kuitengeneza. Lakini yataka aingie wakati unaofaa, wala asimsumbue mpangaji kupita kiasi. Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo, katika kifungu cha 299, yamhesabia kosa mtu aingiaye katika mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumwudhi huyo aliye nayo. Wenzetu wayaangalie maneno hayo kwa makini. Si kila kuingia ni jinai, maana nia lazima ithibitishwe. Lakini sheria yatazama mali i mikononi mwa nani, wala haiulizi hati ya kiwanja ina jina la nani.

Juu ya sheria hizo iko Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Haki za raia ziliingizwa humo mwaka 1984, na Ibara ya 16 yampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, ya jamaa yake na ya maskani yake. Haikusema maskani aliyoijenga mwenyewe. Maskani ya kupanga ni maskani. Jirani zetu wa Kenya waliandika haki ya faragha katika Ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012 ina ahadi kama ile yetu ya kukaa kwa amani. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1985 yamtaka mwenye nyumba atakaye kutazama hali ya nyumba yake atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla. Na mataifa yalipokubaliana juu ya Tangazo la Haki za Binadamu, tarehe 10 Desemba 1948, Kifungu cha 12 kilikataza mtu kuingiliwa ovyo katika nyumba yake.

Lakini hatukuhitaji kungoja mataifa yatufundishe. Sisi watu wa nchi hizi twajua tangu utoto kwamba mtu hufika mlangoni akapiga hodi, akangoja aambiwe "karibu"; na asipojibiwa hurudi alikotoka. Waislamu wamepewa amri hiyo katika Sura ya Nur, aya ya 27 na ya 28, ambapo wameagizwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo. Wasipomkuta mtu wasiingie. Na wakiambiwa warudi, warudi. Wakristo nao wasome Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, aya ya 10 na ya 11. Hapo mwenye kumkopesha jirani yake amekatazwa kuingia nyumbani mwake kutwaa rehani. Asimame nje, na mdaiwa ndiye amtolee. Tukitafakari sana, neno hili la pili lamjibu yule asemaye kwamba mpangaji mwenye deni la kodi amepoteza heshima ya mlango wake. Dawa ya deni ni kulipa, na deni lina njia zake za kudaiwa. Kuingia na kupekua masanduku si mojawapo ya njia hizo.

Hatutaki kuonekana kama tunapendelea upande mmoja. Moto ukiwaka, au maji yakipasua bomba na kufurika ukumbini, mwenye nyumba avunje hata mlango, naye tutamshukuru. Mpangaji naye ana wajibu wake. Alipe kodi kwa wakati. Asikatae ukaguzi ulioombwa kwa adabu. Asibadili kitasa kwa siri. Na akisafiri siku nyingi aache habari ya mahali apatikanapo. Tena kati yetu wamo wanachama waliojaliwa kujenga, nao wana wapangaji. Hao twawaomba waanze wao, kwa maana itakuwa aibu Chama kiwadai wengine adabu ambayo watu wake wenyewe hawaitimizi.

Basi, lifanyike nini? Mithali yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi ambao kazi yetu ni kuandika mambo ya watu wengine, twapanga vyumba vyetu kwa maneno ya mdomo tu, au twatia sahihi karatasi ya dalali bila ya kuisoma. Twashauri mkataba wa kila mwanachama uwe na masharti haya matano. Kwanza, mwenye nyumba atatoa taarifa ya saa 24 kabla ya kuingia, na kutaja sababu. Pili, ataingia mchana, mpangaji mwenyewe au mtu aliyemchagua akiwapo. Tatu, hatari ya moto, maji au uhai wa mtu haingoji taarifa, lakini mpangaji ataarifiwa siku ile ile. Nne, itaandikwa ni nani ashikaye ufunguo wa pili, wala hatampa dalali au fundi pasipo ruhusa. Tano, wateja wapya wataonyeshwa chumba katika mwezi wa mwisho tu, kwa saa zilizokubaliwa.

Na ikiwa mwenye nyumba amekwisha ingia bila ya ruhusa, mwanachama asianze kwa matusi. Aandike barua fupi yenye tarehe na saa ya tukio, akaweke nakala. Likirudiwa, apeleke shauri kwa mjumbe wake na kwa ofisi ya Serikali ya Mtaa, ambako mambo mengi humalizika kwa maneno mema. Baraza la Kata, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kupatanisha. Wasipopatana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ikiwa kitu kimeibwa au mtu ametishwa, hiyo ni kazi ya Polisi, wala asicheleweshe.

Twajua kwa nini wengi hunyamaza. Mpangaji ahofu kwamba akisema leo, mkataba ukiisha ataambiwa chumba kinatakiwa na mtoto wa shangazi. Na kupata chumba kingine karibu na kazi ni taabu, tena dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe malipo yake. Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatumlaumu mtu kwa kuwa nayo. Lakini hapo ndipo zionekanapo faida za kuwa na Chama. Mtu mmoja akidai taarifa ya saa 24 ataitwa mjeuri. Makarani wa mji mzima wakija kila mmoja na karatasi ile ile, itakuwa desturi ya mji, na dalali mwenyewe ataichukua mfukoni kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba Halmashauri itunge mfano wa mkataba wenye masharti hayo matano, uchapwe kwa mashine yetu, na nakala zigawiwe katika kila tawi. Wanachama walio na mashauri mengine, hasa wale wenye nyumba za kupangisha, wayalete kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, ili yatungwe pamoja. Mithali yasema tena, "Heshima si utumwa." Mwenye nyumba atakayesimama nje ya mlango wa mpangaji wake na kupiga hodi hatapungukiwa na tofali hata moja la nyumba yake.