Majibu ya Kipimo cha Moyo: Uliza Kabla ya Kurudi Kubeba Boksi

Ndugu zangu mlioko Uingereza, wengi wetu tukifungwa ile mashine ya kurekodi mapigo ya moyo kwa saa 24 au 48, tunasubiri neno moja tu, "hakuna tatizo", turudi kazini. Mimi kama nesi nasema halitoshi. Omba nakala ya majibu, kisha uliza: nilipojisikia vibaya, mashine iliona nini?

Usishtuke ukiona mapigo yalishuka chini ya 60 kwa dakika ukiwa usingizini, ni kawaida. Mapigo machache kuruka pia mara nyingi hayana madhara. Lakini ukitajiwa AF, yaani moyo kupiga bila mpangilio, tulia usikilize. Huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5, na dawa za kuzuia damu kuganda zipo.

Kiingereza kikikupiga chenga, NHS wanatoa mkalimani bure. Siku 7 za mwanzo za kuumwa huhitaji cheti cha daktari, zikizidi, mwombe akuandikie.

Najua nyumbani wanasubiri hela. Je, ukipooza, nani atatuma? Ukizimia au kifua kikibana, pigeni 999.

Tujali afya zetu.