Trekta lisitangulie, jembe likafuata

Fedha za korosho huanza kuingia mikononi mwa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa kuanzia Oktoba na Novemba, muda mfupi tu kabla ya mvua za kupandia. Ndipo vikundi na watu binafsi wanapokimbilia kununua matrekta, na haraka hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Mnunuzi hukagua injini, matairi na bei. Jembe hutafutwa baadaye, pengine la mtumba, kwa kudhani kwamba jembe lolote huingia kwenye trekta lolote.

Haliingii. Pini za mikono ya chini ya matrekta madogo zina unene wa milimita 22, na za matrekta ya kati ni milimita 28. Pini ya 22 ikitiwa kwenye tundu la 28 bila bushi itacheza mpaka ikatike. Kuna suala la nguvu pia. Kwenye udongo wa kawaida kila sahani ya jembe huhitaji nguvu za farasi 20 hadi 25, hivyo mwenye trekta la nguvu 50 anayefunga sahani tatu anajitafutia gharama ya klachi. Na jembe zito likiinuliwa hunyanyua magurudumu ya mbele, usukani ukawa mwepesi na hatari, hasa barabarani.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaofunga majembe ya kusukuma theluji mbele ya pikapu zao huulizwa kwanza aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa na uzito ambao ekseli ya mbele inaweza kubeba. Wakati theluji ni laini kuliko kisiki cha mninga!

Nachingwea haihitaji kufundishwa somo hili kutoka mbali. Ilikuwa moja ya sehemu tatu za Mpango wa Karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulipoanza mwaka 1947 matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, hivyo vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Huko Kongwa mizizi ilipinda zana na udongo mkavu ukazila. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36.

Hata sisi wenyewe tumewahi kujikwaa. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa katika wilaya nyingi nchini. Kwenye majaruba ya mpunga zilifaa. Kwenye ardhi kavu na ngumu zililalamikiwa, na baadhi zikaishia kuvuta matela ya mizigo. Mashine haikuwa mbovu. Ilipelekwa kwenye udongo usio wake.

Tunashauri trekta na jembe vinunuliwe kwa mkataba mmoja, na muuzaji avifunge mwenyewe na kuvijaribu katika shamba la mnunuzi. Uwanja wa duka si shamba. Kituo cha CAMARTEC, Arusha, kipo kwa ajili ya kupima zana za kilimo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama aina anayouziwa imepimwa. Mkulima mmoja hawezi kumbana muuzaji wa Dar es Salaam, lakini chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaweza kuwasemea wanachama wake, na maofisa zana wa halmashauri wakashuhudia jaribio.

Tatizo ni kwamba Oktoba ardhi bado imekauka, na si haki kulihukumu jembe wakati huo. Basi sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa mnunuzi mpaka mvua ya kwanza inyeshe, trekta lilime angalau ekari moja, na fundi wa muuzaji awe amesimama pembeni na spana yake.