Seti Tapeti Zako Mwenyewe!

Wenzangu mnaoandika, leo nina ugomvi na nyie, na ugomvi wenyewe ni wa pikipiki.

Chukua hadithi kumi za sisi vijana, zile tunazosomeana kijiweni, nyingine kwenye madaftari, nyingine kwenye simu. Pikipiki zimo karibu katika zote. Mpenzi anafuatwa kwa pikipiki, jambazi anakimbia kwa pikipiki, mjamzito anawahishwa hospitali usiku wa manane kwa pikipiki. Na pikipiki zote hizo zina kazi moja tu: zinaunguruma. "Pikipiki iliunguruma." Basi, mwandishi kamaliza. Hajui inaunguruma kwa nini, hajui ikigonga inagonga wapi, na ukimuuliza anakujibu eti hayo ni mambo ya mafundi, yeye ni msanii.

Mimi nasema huo si usanii, ni uvivu. Na nasema zaidi. Kijana mwenye pikipiki ya kawaida ya mjini, hizi za silinda moja zilizojaa kila kona ya Dar, ambaye hajawahi kuseti tapeti zake mwenyewe nyumbani, anajinyima pesa na anajinyima elimu. Kama ni mwandishi, anajinyima na lugha pia. Nitaeleza yote matatu. Asiyekubali aandike toleo lijalo, tukabane hapa hapa ukurasani.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi mnatikisa vichwa tu na hamjui nazungumzia nini.

Juu ya silinda kuna valvu mbili. Moja inafunguka kuingiza mchanganyiko wa petroli na hewa, nyingine inafunguka kutoa moshi. Kila valvu inasukumwa na kipande cha chuma kinachoitwa roka. Kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu huachwa upenyo mdogo sana. Kwa Honda CG125, kwa mfano, upenyo huo ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, kwa valvu zote mbili. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia kitu chembamba kuliko karatasi. Kuupima upenyo huo na kuurudisha mahali pake ndiko mafundi wanakoita kuseti tapeti.

Kwa nini uachwe? Kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Hiyo tuliisoma sote sekondari, ile ya mpira wa chuma na pete. Tuliisoma kwa Kiingereza, tukaikariri, tukaijibu kwenye mtihani, tukaitupa. Hakuna aliyetuambia kwamba mtihani ule ule unafanyika kila asubuhi ndani ya pikipiki ya jirani. Injini inawaka, valvu inapata moto, inarefuka, na upenyo unapungua. Kama haukuachwa wa kutosha, valvu haikai tena sawasawa kwenye siti yake. Sasa fikiria: injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Valvu ya moshi inapoa kwa kukalia siti. Ikikosa kukaa, gesi ya moto inapenya pembeni na kuula ukingo wake mpaka unaungua. Kompresheni inapotea, na unapiga kiki mpaka mguu unaingia ganzi.

Upenyo ukizidi ni kesi nyingine. Roka inagonga, unasikia tak-tak-tak. Valvu inachelewa kufunguka na inawahi kufunga, pikipiki inakosa nguvu, na vyuma vinalika taratibu.

Hapa ndipo wajinga tunapoliwa. Tapeti iliyolegea inapiga kelele, tapeti iliyobana inanyamaza, na sisi tunaogopa kelele. Dereva anafika gereji: "Fundi, inagonga hiyo, nibanie kidogo." Fundi anabana bila kupima chochote. Kelele inakwisha, mteja anatabasamu, analipa. Baada ya muda valvu ya moshi imeungua, na mteja analaumu petroli, analaumu barabara, analaumu Mchina aliyeiunda. Hajilaumu yeye aliyelipa ili injini yake inyamazishwe badala ya kurekebishwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Nyote mnawajua vijana wa mkataba. Kijana anapewa pikipiki na tajiri, anapeleka hesabu kila siku, na muda wa mkataba ukitimia pikipiki inakuwa yake. Hayo ndiyo maisha ya vijana wengi tuliomaliza shule na tukakosa pa kwenda. Pikipiki ikilala gereji, hesabu hailali. Kufungua hedi, kununua valvu, kusaga siti, gasketi mpya, ufundi, na siku zote hizo hujabeba abiria hata mmoja. Kuna mtu mkataba umemfia mkononi ukiwa umebaki kidogo, na kisa ni upenyo mwembamba kuliko karatasi. Na dereva anayekimbiza kilomita 100 kwa siku anatimiza 3,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, mara ngapi kwa mwaka anapaswa kufungua na kupima? Hebu muulize aliye karibu nawe aliwahi kupima lini.

"Kwani kazi yenyewe si ngumu?" Sikilizeni basi, halafu mniambie ugumu uko wapi.

Iache injini ilale usiku kucha ipoe kabisa. Hii si hiari, maana kipimo cha kitabuni ni cha injini baridi. Asubuhi tandika gunia safi, funga petroli, kama tangi linazuia mkono litoe, fungua kifuniko cha juu cha tapeti. Futa vumbi kwanza kabla ya kufungua, mchanga usije ukadondokea ndani. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Fungua kifuniko cha magneti, kwa nyingi ni upande wa kushoto, uizungushe kwa spana pole pole kuelekea inakozungukia injini ikiwaka. Kwa Honda, ukiwa umesimama kushoto, ni kinyume cha saa. Kwenye magneti kuna mistari yenye herufi. Unayoitaka ni T. Ile F ni ya moto wa plagi, usiishike hiyo. Mstari wa T ukilingana na alama ya kwenye bodi, pistoni iko juu.

Lakini pistoni inafika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na wewe unataka ile ya kompresheni. Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo zote, upo mahali pake. Moja ikiwa imekaza, zungusha magneti duru moja nzima, rudi kwenye T, tikisa tena. Sasa ingiza fila geji ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako wewe, si ya mshikaji wako. Inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, isipwaye na isigome. Ikikataa au ikipwaya, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu, pima. Ukiipata, ishike skrubu isizunguke, kaza nati, halafu pima tena. Hapo kwenye kupima tena ndipo wenye haraka wanapoharibu, kwa sababu nati ikikazwa huiburuta skrubu. Zungusha injini duru kadhaa kwa mkono, rudi kwenye T, hakiki mara ya mwisho, funga.

Ndiyo hiyo. Ukizoea, saa moja haifiki. Spana mbili tatu, bisibisi au koleo kutegemea skrubu yako, na fila geji ambayo ukiitunza utamrithisha mwanao.

Na tafadhali, habari za wembe tuziache. Kuna wanaopima tapeti kwa wembe, na wanajisifu. Wembe wa kunyolea una kama milimita 0.1. Pikipiki yako ikitaka 0.08, tayari umeilegeza kwa robo nzima. Nao wanaopima kwa kipande cha msumeno wa chuma, unene wake ni mara kadhaa ya kinachotakiwa. Hao hawasemi nao mimi.

Atasimama mtu aseme namtukana fundi, namnyang'anya ugali. Hapana. Pikipiki kubwa zinazosetiwa kwa shimu zilizokaa chini ya kamshafti, mpelekee fundi anayezijua. Hedi ikivunjika, mpelekee fundi. Fundi mwenye geji na subira namvulia kofia, na huyo hana cha kuniogopa, kwani mteja anayejua ndiye pekee anayeweza kuiona tofauti kati yake na mbabaishaji. Anayekuambia "usiguse, utaua injini" huku mwenyewe anapima kwa sikio, huyo ndiye ninayemsema. Analinda giza lake.

Na giza hilo wenzetu walilihesabu zamani. Miaka ya 1970 Honda walipobuni CG125, walikuwa wanazifikiria nchi kama zetu. Walikwisha ona kwamba huku watumiaji wengi hawazitunzi injini. Kwa hiyo wakaacha kamshafti ya juu na mnyororo wake, wakairudisha chini, na valvu zikawa zinasukumwa kwa fimbo. Injini ikawa sugu na rahisi kufungua. Ikanakiliwa mno China, na nakala zake zimejaa Afrika nzima. Ukiitazama vizuri hiyo ni heshima na ni tusi kwa pamoja. Heshima, kwa sababu mtu alikaa mezani akafikiria barabara yetu. Tusi, kwa sababu alikadiria kwamba hatutafungua kifuniko. Na sisi, zaidi ya miaka arobaini baadaye, tunahangaika kumthibitisha! Skrubu na nati viko pale juu vinakungoja, na wewe umepita navyo ukienda kuandika "iliunguruma".

Nimefika kwenye lugha sasa, ambako ndiko ugomvi wangu ulikoanzia.

Kuna wimbo tunaimbiwa tangu darasani kwamba Kiswahili hakiwezi mambo ya ufundi. Nendeni gereji yoyote mkae nusu saa. Injini "inakula oili", "inamisi", "inakohoa", "imenoki". Tapeti "zimebana", plagi "imelowa", nati "imekula kona". Mtu aliyeishia darasa la saba anamweleza mwanafunzi wake mpangilio wa valvu kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi anaelewa, na pikipiki inawaka. Nusu ya maneno yametoka Kiingereza, kweli. Na meza, shule na kalamu zimetoka wapi? Yakishavaa irabu na kukubali ngeli ni yetu. Lugha ipo, bwana. Wasiokuwepo ni waandishi wa kuipeleka kitabuni. Wengi wetu tunaogopa kuchafua mikono, halafu tunalalamika kwamba msamiati ni haba.

Adam Shafi alipoandika Kuli, riwaya iliyotoka mwaka 1979, aliingia bandarini Unguja, kwenye mizigo na kwenye migongo ya makuli, mpaka kwenye mgomo wa 1948. Ukiisoma unajua kazi ile ilikuwa kazi gani. Sisi je? Kazi kubwa ya kizazi chetu inapita mbele ya dirisha kila dakika ikiwa na tairi mbili. Riwaya ya mtu wa mkataba anayesikiliza tapeti zake zikinyamaza siku baada ya siku, akidhani amepona, nani ataiandika? Mwenye kujua kwamba kunyamaza kule ni hatari. Asiyejua ataandika tu kwamba pikipiki iliharibika ghafla. Vyuma haviharibiki ghafla, jamani. Vinaharibika kidogo kidogo, kama nyumba na ndoa, na msomaji anataka kuoneshwa hicho kidogo kidogo.

Wengine mtaniambia pikipiki za betri zinakuja. Ni kweli, Kigali, Nairobi na Kampala zimeshaanza kubeba abiria, na hazina valvu. Sawa. Zikijaa mtaani kwetu tutafungua hizo. Leo zinazopita hapa nje nyingi zinakunywa petroli, na zina tapeti.

Na nyie dada zangu mnaoandika, msidhani nawasema wanaume peke yao. Nati haiulizi imeshikwa na nani. Tena nasubiri kwa hamu hadithi ya msichana anayeseti tapeti uani, mama yake akipiga kelele kwamba atachafua khanga.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kabla ya kuleta hadithi nyingine yenye pikipiki, tafuteni pikipiki ya kaka, ya mjomba au ya jirani anayewaamini. Nunueni fila geji kwa kuchanga, hata watu watano. Ilaleni injini iwe baridi, ifungueni asubuhi, pimeni, fungeni, piga kiki. Halafu kaeni chini muandike mlichokisikia. Mkiandika tena "iliunguruma" baada ya hapo, mimi nitasoma bila kulalamika, kwa sababu nitajua mnajua.